Fungola

Tonton Lukumani, mjomba wangu, alifika Stanleyville, ndivyo mji wetu ulivyoitwa wakati huo, na kiburi chake chote cha mtu wa Maniema. Akapata kibarua katika kiwanda cha barafu. Kilingala hakukijua, na kukiri hivyo kwake ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba barafu. Ukimsemesha, aliitikia kwa kichwa, basi.

Barafu ilipangwa kwenye sakafu yenye mteremko, iliyokuwa na tundu la maji na kizibo cha mti. Maji ya barafu inayoyeyuka yakikosa njia hukaa chini yake, nayo huteleza. Yakipata njia hutoka, barafu ikatulia. Fundi mmoja Mbelgiji alimwambia kwamba hata milima ya barafu ya Ulaya huenda hivyo: msimu wa joto ukianza, maji huingia chini na barafu huongeza mwendo, baadaye maji hujichimbia mifereji, nayo hupunguza. Tonton alicheka sana. Eti mlima utembee!

Juni 1960, wiki ya uhuru, barafu ya sherehe ilirundikwa mpaka kifuani. Msimamizi, Constant, mtu wa Kilingala, alipaza sauti kutoka mlangoni: "Fungola!" Kwa Kilingala ni fungua. Tonton akasikia funga. Akaitikia kwa kichwa, akakigongomea kizibo. Kufikia adhuhuri maji yalikuwa yamejaa chini. Safu nzima ikateleza, ikamkumba Constant aliyekuwa akipita, ikamvunja mguu.

Akiwa amelala pale, Constant alilirudia neno lile huku mkono wake ukivuta kizibo hewani. Hapo Tonton alielewa. Bosi wa kiwanda alipouliza, Tonton alijibu kwamba ni Constant: "Chef njo alisema nifunge." Constant akafukuzwa kazi. Ni tonton wangu mwenyewe, na bado sina namna ya kuupamba uongo huo.

Miaka minne dhamiri ilimsuta. Alikuwa radhi kuzunguka mbali kuliko kupita karibu na nyumba ya Constant, mtaa wa Tshopo.

Novemba 1964, vita vya waasi vilipochacha mjini, watu walikimbilia barabara ya Banalia. Tonton alijua ni nani asiyeweza kukimbia, kwa mguu ambao haukupona sawasawa. Akaenda na baiskeli. Alimkuta Constant peke yake. Mkewe Marthe alikuwa ametangulia na watoto.

"Chef, ile siku ulisemaka nifungule. Nilijua kabla ya kujibu bosi. Nikadanganya."

Constant alijivuta hadi kwenye baiskeli, akapanda. "Miaka ine Marthe anasema nilikuwa nimelewa," akasema. "Bon. Sukuma."

Siku nyingi Tonton aliisukuma baiskeli ile, Constant akiwa juu yake, na hakusemeshwa hata neno. Heri angetukanwa. Banalia walimkuta Marthe akipika pondu, yaani kisamvu. Constant alishuka, akamwonyesha Tonton kwa kidole.

"Marthe, njo huyu alifungaka kizibo. Mupe chakula. Halafu aende."

Tonton alikula pondu yote, machozi yakidondokea sahanini, kisha akaenda.