Vita Isiyokuwa na Bomu

Mimi nikisoma kitabu huwa nakisoma kweli, ndiyo maana Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha wasomaji hapa Sakina kilinipa nafasi ya kuzungumza wa kwanza. Riwaya yenyewe ilihusu vita ya nyuklia ya kubuni, na mwandishi wake, mzee mpole kutoka Kikatiti, alikuwa amealikwa.

Nilimpa shikamoo yake, kisha nikamshukia.

"Mzee, kitabu chako kimeniangusha. Kurasa zote zile unatutisha na vita, halafu rais ananyanyua simu na hadithi inaisha. Bomu liko wapi?"

Watu wakatazamana. Nikadhani nimewagusa, nikaongeza sauti kama mhakiki mkubwa.

Mama Neema, mwenyekiti wetu, akauliza taratibu, "Na pale majivu yanapoangukia migomba ya Meru? Mimi nililia pale."

"Hiyo haimo, mama. Umechanganya na kitabu kingine."

"Haimo?" akauliza mzee.

"Haimo. Nimesoma mpaka ukurasa wa mwisho."

Akaniomba nakala yangu, ambayo niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba. Akaifungua mwishoni, akapitisha kidole kwenye gundi kavu na vipande vya karatasi vilivyobaki, kisha akainyanyua ili wote waione.

"Mwanangu," akasema bila hasira, "hapa imenyofoka nusu nzima. Bomu linaanguka ukurasa unaofuata."