Sauti ya Mama na Lile Wingu

Mimi darasa la nne niliishia katikati, wala sioni aibu. Duka la spea Mikumi ni langu, nyumba ya Kilosa ni yangu, na zote mbili nimezipata bila kumpigia mtu magoti. Nasema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya mafaili yangu hukimbilia kusema mzee hakusoma. Kusoma hakuhusiki hapa. Kilichoniangusha ni neno moja.

Biashara zilipofunguliwa, redio za nje zikaanza kujaa madukani, nilinunua moja yenye kurekodi kanda. Nikaenda nayo Kisanga kwa mama. Nikamwekea mbele, akadhani nacheza, akaendelea kuchambua mboga zake na kusema yake kwa Kisagara: nani kaiba kuku, nani kaolewa pabaya, na mimi na ukaidi wangu. Kila nilipokwenda nilijaza kanda nyingine. Alipofariki, fundi mmoja wa studio pale Morogoro alizihamishia kwenye kompyuta. Ikawa heri, maana mto ulipoingia ndani kwetu Kilosa, kanda zote zilitoka na matope. Sauti ya mama ikabaki kwenye yale mafaili tu.

Hapo ndipo binti yangu, mwalimu huko Dodoma, akaniambia, "Baba, tuyaweke kwenye wingu. Uwe Mikumi, uwe Kilosa, utayakuta."

"Wingu gani? Mawingu ya hapa nayajua. Yakija, tunapandisha magodoro juu ya kabati."

Akacheka. "Siyo hayo, baba. We lichukulie kama ghala."

Ghala nikaelewa. Mzigo ukishafika ghalani, dukani unafagia, unapanga mwingine. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Kwa hiyo siku kompyuta ya dukani Mikumi ilipoanza kulalamika kwamba imejaa, nikachagua folda ya mama, nikafuta. Lile wingu nalo likaniambia kuna taka zinachukua nafasi. Nikamwaga taka. Mimi taka sizifugi.

Mchana, baada ya kula, nikataka kumsikia mama kidogo. Nikafungua ghala langu. Tupu.

Nikampigia binti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bibi yako hayumo kwenye wingu."

"Hayumo vipi?"

Nikamweleza nilivyofanya.

"Baba, lile siyo ghala."

"Si wewe uliyeniambia ni ghala?"

"Nilisema ulichukulie hivyo! Lile ni kama kioo, baba. Ukivua kofia huku, na kule imevuliwa. Umefuta Mikumi, na wingu limefuta. Na kompyuta ya nyumbani Kilosa ikiwashwa, ikipata intaneti tu, nayo inafuta. Mpigie mama asiiwashe!"

Nikampigia mke wangu. Simu ikaita mpaka ikachoka. Nikarudia. Yule huiacha simu kitandani kama shuka. Jirani naye nikampata, yuko shambani Rudewa. Nikafunga duka, nikapanda pikapu.

Barabara ile wakati huo ilikuwa vumbi na mashimo, unaendesha huku unatafuna mchanga. Nilipita kijiji cha Ulaya, hii yetu ya njiani, siyo ya Wazungu, ambako nimefika mara nyingi kuliko wasomi wenu wote. Siku nyingine husema hivyo nikacheka peke yangu. Siku ile sikuwa na hamu. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo kulala hakuiondoi. Mtu unamzika mama yako, unadhani kazi hiyo imekwisha, kumbe bado uko njiani unakimbilia maiti.

Nilipofika mlango ulikuwa wazi, na sauti ya mama ilitoka ndani.

Mke wangu alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe na kusikiliza.

"Usiguse kitu!" nikasema kabla hata ya hodi.

"Hata salamu? Umefukuzwa na simba?"

Nikachomoa modemu, nikampigia binti. Akaniuliza folda ina mafaili mangapi. Nikatazama. Limebaki moja, lile lile lililokuwa linaongea.

"Limepona kwa sababu mama alikuwa amelifungua," akasema. "Kompyuta haifuti kitu kinachotumika. Baba, msilifunge kwanza. Linakilini kwenye flashi."

Tukanakili. Mengine yote hayakurudi, na hayatarudi. Nikakaa kwenye kiti na vumbi langu.

Mke wangu ni Mluguru. Kisagara hakisikii, na mama alipokuwa hai hawakupatana hata juu ya chumvi.

"Tangu lini unamsikiliza?" nikamuuliza.

"Zamani. Wewe uko Mikumi, watoto hawapo, nyumba kimya. Angalau huyu anagomba."

"Na huelewi anachosema."

"Sielewi. Ila hapa," akarudisha nyuma kidogo, "hapa najua ananisema mimi. Halafu anacheka. Mwaka wa ngapi huu nataka kukuuliza. Alisema nini?"

Nikasikiliza. Mama alikuwa anakata mboga, kisu kinasikika.

"Anasema ugali wako mlaini. Anasema kwako angehitaji kikombe, siyo sahani."

Akaweka ungo chini. "Nilijua! Nilijua tu ni ugali!" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Na hapo anapokohoa, kabla ya jogoo kuwika?"

"Niletee kwanza maji ya kunawa."

"Ndoo iko uani, baba watoto, miguu unayo," akasema, na akarudisha nyuma tena.