Chai ya Maziwa Bondeni

Pale Mtaa wa Msimbazi, kwenye duka la vyombo la Kasmir, muuza chai hupita kila asubuhi na chupa zake, na kila asubuhi mke wa Kasmir, Candida, hugeuza uso. Majirani wameshatoa sababu zao. Wapo wanaosema ni presha, wapo wanaosema ni vidonda vya tumbo, na muuza mabegi wa duka la pili anaapa kwamba mama yule ameokoka. Kariakoo hukosi mtu wa kukusimulia habari zako kabla hujazijua mwenyewe. Lakini Candida hakuacha chai kwa sababu ya daktari wala mchungaji. Aliiacha masika ya mwaka juzi, na kabla ya hapo hakuna aliyempita kwa kuipenda.

Kazi yake ilikuwa redio ya upepo. Shirika lao dogo la mabasi lilikuwa na chumba cha mawasiliano ghorofani, karibu na Mnazi Mmoja, na humo Candida alikaa karibu maisha yake yote ya kazi akiwaambia madereva wapi pa kupita na wapi pa kusubiri. Madereva walimwita Mama Kituo. Wengi walimjua kwa sauti tu, sauti nzito yenye lafudhi ya Kibosho ambayo miaka yote ya Dar haikuifuta, na walimtii kuliko walivyowatii wake zao. Yeye naye aliupenda utii ule. Asingekubali ukimwambia, lakini aliupenda sana.

Neno la chai alilianzisha yeye. Zamani, mvua ikiwa kubwa, dereva mmoja alipiga kelele redioni kwamba maji yamepanda barabarani pale bondeni Jangwani. Abiria wakasikia. Wote wakakimbilia mlango mmoja, na mama mjamzito akakanyagwa. Tangu siku hiyo Candida alipiga marufuku kutaja maji hewani. Akawaambia semeni chai. Chai ya rangi maana yake ni mvua ya hapahapa mjini, maji mepesi, pita polepole. Chai ya maziwa ni ile inayoshuka kutoka vilima vya Pugu, nzito, imechanganyika na udongo, na hiyo huja hata kama mjini jua linawaka. Ukisikia chai ya maziwa hupiti. Unageuza gari, na Kituo kinawazuia wote walio nyuma yako.

Lilikuwa neno la mdomoni. Halikuandikwa popote, na lilitosha, kwa sababu waliokuwa wakilitumia walizeeka pamoja. Kisha wakaanza kuondoka, mmoja akastaafu, mwingine akarudi kwao, mwingine akafa. Candida alipokaribia kustaafu, dereva wa zamani alikuwa amebaki Athanas peke yake. Waliobaki walikuwa madereva vijana, akina Robert, ambao wakisikia mtu anasema chai wanaelewa kwamba anadanganya, maana hiyo ndiyo chai ya vijana wa Bongo siku hizi.

Tusimwonee meneja. Yasser alikuwa kijana msomi lakini si wa dharau. Aliona wazee wanaondoka na vichwa vyao, akasema jambo hilo litatumaliza. Alimpa Candida miezi mizima ya kumfundisha mrithi wake, akaleta na kamera, akamwomba aseme kila anachokijua hata kama anakiona cha kipuuzi. Mrithi mwenyewe alikuwa Nour, binti wa mwenye duka la vitambaa Mtaa wa Kongo, mpole, mwenye masikio ya kusikiliza. Candida alimpenda. Alimfundisha kutofautisha dereva aliyechoka na aliyelewa kwa namna anavyovuta pumzi. Alimfundisha hata kuacha simu kwenye kabati la nje kabla ya kuingia chumbani, sheria aliyoitunga mwenyewe ili akili ya mtu isikae sehemu mbili.

Chai hakumfundisha.

Siku moja Yasser aliingia na uso wa mashaka. Alikuwa amemsikia Athanas hewani akitaja chai ya rangi, naye hakupenda. Ukutani palikuwa na tangazo lake la kukataza rushwa.

"Mama, hiyo chai wanayoisema ni ile ya trafiki?"

Kamera ilikuwa mezani. Nour alikuwa ameshika kalamu. Ilikuwa nafasi ya kusema jambo lote kwa pumzi moja, na Candida aliiona nafasi hiyo ikiwa wazi mbele yake. Lakini alifikiria pia nyumba yake ya Sinza mchana, kimya, yeye na televisheni. Alifikiria kwamba masika yakija watakwama, nao watamfuata wamrudishe kwa mkataba, wakisema bila wewe hatuwezi.

"Utani wa madereva tu," alijibu. "Wapuuze."

Yasser akacheka, akatoka. Nour akaandika. Na kila jioni mpaka siku ya mwisho binti huyo alikuwa akimuuliza kama kuna kilichobaki, naye Candida akimjibu kwamba hakuna, mwanangu, umekwisha kuiva. Nyumbani Kasmir alipomuuliza swali hilohilo, kwa kuwa anamjua mkewe, alimjibu kwamba akiba haiozi. Kasmir hakulipenda jibu lile. Alimwambia kuna vitu haviwekwi akiba.

Mwanzoni simu zilikuja. Nour aliuliza hiki na kile, na kila simu ilimpa Candida uhai wa siku mbili. Baadaye zikapungua, kisha zikakoma. Binti alikuwa amefundishwa vizuri, hilo ndilo lilikuwa tatizo. Candida akaanza kushinda dukani kwa mumewe, akipanga sufuria ambazo zilikuwa zimepangwa tayari, na kutazama mawingu. Alikuwa anaingoja mvua. Ukimtazama ungedhani ni mkulima. Kuna nyakati usiku aliamka akasikiliza bati, na hakujua kama anachokisikia moyoni ni hamu au ni hofu. Masika yalichelewa mwaka ule. Yalipoanza, yalianza kwa manyunyu ya kitoto, watu wakasema mwaka huu tumepona.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Kariakoo ilikuwa imejaa, vumbi limetanda, wachuuzi wa barabarani wamefungua miavuli ya kujikinga na joto. Akaingia mteja wao wa siku nyingi, Elieshi, mwenye mgahawa kule Kisarawe, kununua sufuria kubwa. Candida alimkaribisha, akamvutia kigoda, na alipoinama akaona viatu vyake. Vilikuwa na tope zito mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Akamuuliza ametokea wapi na tope lile. Elieshi akashangaa swali. Akasema kwao mvua imenyesha tangu usiku bila kupumua, na huko Pugu ni vivyo hivyo, mashamba yamekuwa maziwa. Candida alitoka mlangoni akatazama anga. Halikuwa na wingu hata moja. Akajua kwamba kile alichokuwa anakingoja kimefika, na hakukitaka tena.

Alimpigia Nour. Simu iliita mpaka ikakata, akapiga tena, ikaita vilevile, na ndipo alipokumbuka ilipo. Ilikuwa ndani ya kabati la nje, kama alivyoagiza yeye. Akampigia Yasser, hakupokea. Akapanda bodaboda, ikakwama kwenye foleni Mtaa wa Uhuru kati ya mikokoteni na malori yanayoshusha mizigo, akashuka akaanza kutembea, kisha kukimbia, mama mtu mzima na kanga yake begani. Watu waliokaa vivulini Mnazi Mmoja walimtazama, mmoja akamwuliza ameibiwa nini.

Wakati huo Athanas alikuwa ameshafika bondeni. Aliona maji yamegusa barabara, yana rangi ileile, akafanya alivyofanya miaka yote. Aliita Kituo, akasema chai ya maziwa, chai ya maziwa, akageuza gari akiamini kwamba walio nyuma yake watazuiwa. Nour alimsikia vizuri kabisa. Alimjibu kwa heshima kwamba baba, tafadhali, utani si hewani, lakini mzee alikuwa ameshaweka kifaa chini akihangaika na usukani. Muda mfupi baadaye Robert, aliyekuwa anashuka kutoka kituo cha Fire, aliuliza kama njia ipo. Dirishani kwa Nour jua lilikuwa linawaka. Akamwambia ipo, endelea.

Mlinzi Abdulatif hakumzuia Candida, ingawa hakuwa na kitambulisho tena. Alipanda ngazi akishika ukuta. Alimkuta Nour ametulia kwenye kiti kilichokuwa chake, akampokonya kifaa mkononi bila salamu.

"Robert, rudi nyuma. Rudi sasa hivi."

"Mama Kituo?" Sauti ya kijana ilikuwa na furaha ya kumsikia. "Nimeshaingia, Mama. Mbona gari linaelea?"

Nyuma ya sauti yake walisikika abiria. Kisha hazikusikika tena sauti za watu, ikabaki mikwaruzo ya redio, na Candida aliendelea kuliita jina la Robert mpaka Nour alipomshika mkono.

Vijana wa bondeni walifanya kazi kubwa siku ile kwa kamba na mipira ya magurudumu ya magari. Walimtoa Robert na wengi wa abiria wake. Wengine walipatikana baadaye, kwenye mikoko ya Salenda, mto unapoingia baharini.

Uchunguzi ulifanyika. Athanas alisema alitoa taarifa. Ilisikilizwa rekodi, na katika rekodi kulikuwa na mzee anayezungumzia chai na binti anayesema njia ipo. Nour akafukuzwa kazi. Candida alikaa kwenye benchi la korido siku nzima akiwa tayari kusema, na hakuna aliyemwita, kwa kuwa hakuwa mtumishi. Angeweza kugonga mlango. Hakugonga.

Baada ya wiki Yasser alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa imezeeka. Alisema Athanas amemweleza maana ya neno lile, na kwamba wamekubaliana kumrudisha kwa mkataba, kwa masharti yoyote atakayoyataka.

"Mama, bila wewe hatuwezi," alimwambia.

Maneno yalikuwa yaleyale aliyoyangoja, na yalimwingia kama mwiba. Hakumuuliza Yasser kama anakumbuka siku ile ya kamera, naye Yasser hakumuuliza chochote. Alirudi, kwa sababu mvua ilikuwa bado inaendelea na mtu wa kukaa kwenye redio hakuwepo. Siku ya kwanza aliwakusanya wote, akawaambia maana ya chai, mpaka mfagiaji akaijua.

Nour alikuja dukani mara moja tu, Jumamosi, masika yanaishia. Alikuwa amekonda. Alimwamkia shikamoo Mama, Candida akaitikia marahaba mwanangu, na Kasmir, ambaye kwake mgeni hakai mkavu, akamwita muuza chai. Vikombe viwili vya chai ya maziwa vikawekwa kauntani. Walizungumza habari za nyumbani, za afya, za mama yake Nour. Halafu Nour akashusha sauti.

"Mama, siku ile Meneja alipokuuliza. Ulikuwa unajua itafika huku?"

Candida alisema hapana, hakujua.

"Lakini chai ulikuwa unaijua."

"Nilikuwa naijua, mwanangu."

Nour aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Alikunywa kikombe chake mpaka mwisho, akashukuru, akaaga kwa adabu zote alizolelewa nazo, akatokomea kwenye umati wa Msimbazi. Kikombe cha Candida kilipoa palepale, kikafanya utando juu, na baadaye Kasmir alikichukua akaenda kukimwaga.