Vidole Viwili vya Mshono

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna pindo la gauni lililopita mbele yake bila yeye kulichungulia, hata msibani. Mwenzake wa kazi aliitwa Mama Mkasi. Walipanga pamoja chumba cha ushonaji chenye meza moja, pasi moja na redio moja. Mama Mkasi alikata, Mama Pindo alishona. Kila vipande vilipohama mkono, Mama Mkasi alitamka, "Nimeacha vidole viwili," yaani upana wa kitambaa cha pembeni kitakachomezwa na mshono. Mama Pindo naye alijibu, "Viwili nimevipata." Hawakuandika chochote. Midomo iliwatosha, na midomo yenyewe haikujua likizo.

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, Mama Pindo aliomba kwa sauti ya chini. Aliwaombea wanawe, akawaombea wateja, hata wale wasumbufu, kisha akamalizia na shoga yake.

Uchaguzi ukaja. Mama Pindo alikuwa chama cha Ngazi damu damu, Mama Mkasi alikuwa Ndoo, na mwanzoni ilikuwa utani mtupu.

"Ngazi yenu haina vidato, mtapandia wapi?"

"Na ndoo yenu imetoboka, shoga, mtatekea nini?"

Wateja walicheka mpaka wakasahau kulalamika kwamba nguo zao hazijaisha. Lakini kampeni zilipopamba moto, redio ilimwaga maneno makali kutwa, na maneno hayo yakahamia mezani. Siku moja Mama Mkasi akasema, bila hata kuinua uso kwenye kitambaa: "Nyie na watu wenu ndio mmeiharibu nchi hii."

Watu wenu! Akimwambia Mama Pindo, ambaye siku Mama Mkasi alipokuwa na uchungu wa mtoto wake wa pekee ndiye aliyemshika mkono mpaka mtoto akalia. Moyo ulimuuma Mama Pindo, ukamuuma kwelikweli. Wakanuniana kuanzia saa ile, pasi ikawa inasukumwa mezani kama inapita mpakani. Kesho yake, katika kuomba, Mama Pindo alifika kwenye jina la shoga yake akaliruka. Alijua kabisa ameliruka. Lilimkaa rohoni kutwa nzima, na bado hakulirudia.

Bahati mbaya ni kwamba mezani palikuwa na gauni la harusi, na bibi harusi ni yule yule mtoto wa Mama Mkasi, binti ambaye tangu ajue kusema humwita Mama Pindo mama mdogo. Kitambaa kilikuwa kimepungua kidogo, kwa hiyo Mama Mkasi akaacha kidole kimoja. Alipaswa kusema. Aliweka vipande mezani akatoka nje kujipepea. Mama Pindo alivitazama akaona vyembamba. Ulimi ulimwasha kuuliza, ila kiburi nacho kina nguvu zake. Akashona vidole viwili kama kawaida, tena akapunguza kabisa ziada ya ndani ili mshono ukae safi.

Binti alikuja kujaribisha siku moja kabla ya kura. Zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma. Akavuta pumzi, ikagoma zaidi.

"Mama, uliacha vidole vingapi?" akauliza.

"Kimoja."

"Na wewe mama mdogo, ulishona vingapi?"

"Viwili," akasema Mama Pindo.

Ndani ya mshono hapakubaki ziada ya kufumulia, dukani kitambaa kile kilikuwa kimekwisha, na harusi ilikuwa Jumamosi. Binti aliwatazama wote wawili kwenye kioo, machozi yakimlenga, kisha akanyoosha mikono mirefu ya gauni.

"Kateni hii mikono, kitambaa chake mpanulie ubavuni. Mikono wazi naiweza. Ninachoshindwa ni kuolewa huku mama zangu hawasemeshani."

Mama Mkasi akachukua mkasi, akauweka chini. "Lile neno nililosema," akamwambia mwenzake, "lilinitoka, na tangu litoke sijalala vizuri. Watu wenu, watu wenu... Watu wangu mimi ni nani kama si wewe? Nisamehe."

"Na mimi niliona vipande ni vyembamba, nikanyamaza makusudi," akasema Mama Pindo. "Nilitaka ukosee. Nisamehe na mimi."

Mama Mkasi akafuta macho, akakata mikono ya gauni la mwanawe. "Kidole kimoja!" akasema, kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Kimoja nimekipata!"

Kesho yake walipanga foleni ya kura pamoja, kila mmoja na chama chake kichwani, wakigombania kivuli cha mwavuli mmoja. Binti aliolewa mikono wazi, na wageni wakasifia mshono ule wakidhani ndiyo fasheni.

Ngazi ilishindwa. Asubuhi ya matokeo Mama Pindo alijikokota kazini, akijiandaa kusikia redio ikishangilia. Akakuta redio imezimwa, chai imemiminwa vikombe viwili, na shoga yake ameinamia kitambaa kama vile nchini hakujatokea kitu. Akakaa kwenye cherehani, akainamisha kichwa, akaomba. Safari hii alianza na jina la Mama Mkasi.