Fundi wa Mkanda wa Mizigo

Mkanda wa mizigo katika uwanja wetu mdogo wa ndege, huku Meru, ulikuwa mkuukuu, na fundi wake aliuchunga kama ng'ombe apigaye mateke. Kila ndege ikitua alisimama kando ya swichi nyekundu, macho kwenye rola, asiitikie salamu ya mtu. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi hata Jumapili kanisani. Mwaka juzi mkanda ule ulimvunja mpakiaji mmoja mkono kabla fundi hajauzima, na jambo hilo hakupenda kulizungumzia.

Wiki iliyopita uling'olewa, ukawekwa mpya. Asubuhi ya kwanza, koti la Kailemia, mpakiaji wetu, lilinaswa. Fundi alikuwa mlangoni. Alitimua mbio akipiga kelele, "Kailemia, vua koti!" Kabla hajafika, mashine ilikuwa imetulia.

"Nani amezima?"

"Hakuna mtu, fundi. Imesimama yenyewe."

Aliushika mkono wa Kailemia, akaukunja na kuukunjua, akapapasa kidole baada ya kidole. Kisha akaketi sakafuni akacheka huku machozi yakimtiririka, na abiria wakangoja mizigo yao mpaka alipomaliza.