Ng'ombe, Mwambie Mwenye Wewe

"Jamani, Lutengano kanona!" Kila aliyepita nyumbani kwa Tusekile alisema hivyo, naye alitamani kumziba mdomo. Amenona vipi mtoto wa miaka miwili asiyecheka wala kucheza, nywele zimegeuka nyekundu kama ndevu za mahindi? Tangu mdogo wake azaliwe, yeye akaachishwa ziwa, chakula chake ni ndizi za kupika: asubuhi ndizi, jioni ndizi.

Mwezi wa tatu mwaka 1954 Tusekile alimbeba hadi zahanati ya misheni, kule Rungwe. Nesi Damari akaubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Hajanona, mama. Amevimba kwa kukosa maziwa na maharage. Ndizi zinajaza tumbo tu. Ukichelewa utamzika."

Maharage alikuwa nayo. Maziwa, loo, hapo ndipo penye kazi! Ng'ombe walikuwa wa baba mkwe wake, Mzee Yotamu, ng'ambo ya kijito. Na kwa Wanyakyusa wa siku zile, mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akimwona njiani anajitosa vichakani. Maneno yote yalipitia kwa mama mkwe, ambaye alishafariki. Mume, Jailos, yuko machimboni Afrika Kusini. Na mzee kila akiuliza habari za mjukuu, majirani wanamjibu: kanona! Basi anafurahi, anawagawia maziwa wazee wenzake.

Kesho yake Tusekile alijitanda kaniki, akambeba mtoto hadi zizini. Mzee alikuwa anakamua. Tusekile akamketisha mtoto penye mlango wa zizi, akampa mzee mgongo, akapaza sauti:

"Ng'ombe, mwambie mwenye wewe, mjukuu wake hajanona. Amevimba, anakufa! Aubonyeze mguu aone mwenyewe."

Mzee akaacha kukamua. Tusekile akasikia hatua, kisha pumzi ya mtu mzima anayejizuia kulia.

"Ng'ombe," akasema mzee, "mwambie mama huyo aje asubuhi na jioni. Mwambie pia kuwa mwenye wewe ni mjinga mwenye zizi."

Ikawa hivyo miezi minne. "Ng'ombe, anakunywa?" "Ng'ombe, mwambie jana kamaliza bakuli zima, na maharage ya kuponda juu." Uvimbe ulipoisha mtoto akabaki mifupa mitupu, Tusekile akalia kweli. Nesi Damari akamtuliza: huo ndio mwili wake halisi, sasa utajaa.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba mzee akaubonyeza mguu, kama ilivyokuwa kawaida yake. Nyama ikarudi palepale. Lutengano akamtandika teke la kidevu, akaangua kicheko.

"Mwanangu!" Mzee alipiga kelele, kusema na ng'ombe kasahau kabisa, anamtazama Tusekile usoni. "Mwanangu, umeona? Amepona!"

Tusekile alipaswa kukimbia. Hakukimbia.

"Nimeona, baba," akasema.