Mguu Wangu wa Chuma Bado Unapanda Mlima

Kabla sijavunjika, nilikuwa naamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu aliyewekewa chuma mwilini hutafutwa na radi. Habari hii niliipata karakanani kwetu Bigwa, tunakochomelea mageti na madirisha, kutoka kwa mteja aliyeapa kwamba huko Matombo kuna mzee aliyewekewa chuma pajani. Radi ya kwanza ilimkosa, ikaua mbuzi wa jirani. Ya pili ilimkosa, ikapasua mfenesi. Ya tatu haikupiga kabisa. Ilizunguka nyumba yake ikimsubiri atoke chooni.

Karakana nzima tulitikisa vichwa. Mimi ndiye niliyeamini kuliko wote, maana mimi ni fundi wa kuchomelea, na kidato cha nne nimemaliza kwa masomo ya jioni, fizikia nikiisoma huku nasinzia. Umeme unapenda chuma. Nani angenibishia?

Naitwa Shabani, majirani wananiita Baba Zai. Nina baiskeli ya milimani ya mtumba, ya gia, nzito kama ndama, na kila Jumapili naipandisha Uluguru peke yangu kutafuta njia nisiyoijua. Njia za kina mama wanaoshusha ndizi, njia za kwenda mashambani, njia za mbuzi, zote nimezipita. Mbuzi wenyewe wakipotea, huja kuniuliza mimi. Watu wa mtaani walikuwa wakinisema: "Unakwenda peke yako kumtafuta nani?" Nami nawajibu, "Natafuta njia. Nikimpata mtu, nitawaletea."

Jumapili hiyo mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Nikapita Kiroka, nikaacha barabara, nikashika kinjia kilichoteremka katikati ya migomba hadi kwenye kijito. Juu ya kijito wenyeji walikuwa wamelaza magogo mawili kama daraja. Mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nilibadili gia. Tairi la mbele likazama kati ya magogo, mwili ukaendelea na safari, mguu wa kulia ukabaki. Nikasikia kitu kikivunjika kama muwa. Nilipotazama, unyayo ulikuwa unaelekea Kisaki na goti linaelekea nyumbani.

Nilipiga ukelele nadhani Dodoma walifunga madirisha. Kina mama waliokuwa wakishuka na ndizi kichwani wakatua mizigo yao, wakaja mbio.

"Kaka, usitazame mguu. Tutazame sisi," mmoja akaniambia.

Wakanifunga kwa kanga na vipande vya miti, wakaita wanaume kutoka shambani, wakanibeba kwa machela ya fito. Kila walipokanyaga jiwe, mimi ndiye niliyelia. Nikauliza, "Na baiskeli yangu?" Yule mama akasema, "Baiskeli haina mfupa. Itangoja."

Mjini, hospitalini, nikapigwa picha. Daktari wa mifupa alikuwa mama mmoja mwembamba, haongei maneno mawili kama moja linatosha. Akaniwekea plasta ya muda, akasema, "Mfupa wa muundi umekatika mshazari. Plasta peke yake haitaushika. Nitakuwekea chuma ndani."

Hapo hapo nikamwona yule mzee wa Matombo chooni kwake.

"Hapana, daktari," nikasema. "Naogopa kisu."

Kitanda cha pili alilala Mnyamwezi, mtani wangu, kavunjika mkono akibeba mzigo. Akacheka mpaka akashika mkono wake kwa maumivu. "Jamani njooni muone! Mluguru kaanguka mlimani! Samaki kazama majini!"

Nikamwambia anyamaze, mzigo uliomwangusha yeye babu zake walikuwa wakiubeba kutoka Tabora bila kupumzika. Utani ulinisahaulisha maumivu kidogo, lakini haukunibadilisha nia. Nikadai kurudi nyumbani. Daktari akanieleza hatari zote, mimi nikatia saini.

Mke wangu, Mama Zai, alinitazama kama geti lililochomelewa kinyume. "Wewe unayeshika grenda kutwa nzima, unaogopa kisu?"

Nikamnong'oneza ukweli kuhusu radi. Akaketi kando yangu. Kisha akasema, "Hata mimi hiyo niliisikia. Lakini mguu je?"

Mguu nikaupeleka kwa mtu anayeunga mifupa kwa vibanzi vya mianzi. Tulitoa ile plasta, akanipaka dawa ya majani, akafunga kamba. Nilimhimiza mwenyewe, "Kaza, mzee, kaza!" Nilidhani mfupa ni kama bomba, ukibana sana unaungana upesi.

Mguu ukavimba. Kamba zikazama ndani ya nyama kama waya kwenye mti uliokua. Malengelenge yakatokea makubwa kama zabibu, yakapasuka, yakatoa maji ya njano, kisha usaha. Vidole vikawa rangi ya zambarau. Nikivigusa, nahisi navigusa vya mtu mwingine. Homa ikapanda, nikawa natetemeka juani. Na harufu, ndugu zangu, sitaipamba. Nzi walijua kwangu kabla ya wageni.

Bado nilisema hapana. Nilisema nitapona, nitaona nani mkaidi, mimi au mfupa.

Ndipo Mama Zai akampigia simu mjomba wangu, kaka wa marehemu mama. Kwetu Waluguru mtu ni wa upande wa mama. Baba anakulea, lakini mjomba ndiye mwenye neno. Akaja kutoka Matombo na mkungu wa ndizi begani. Alipofika mlangoni akasimama, akanusa.

"Shikamoo, mjomba," nikasema kutoka kitandani.

"Marahaba. Nani kafa humu ndani?"

Nikamweleza habari ya chuma na radi, na fizikia yangu yote nikaongeza juu yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunua shuka, akatazama vidole.

"Radi inaua mtu mmoja mmoja, tena kwa msimu," akasema. "Mguu huu unakuua leo. Ukifa, ukoo utaniuliza mimi, hautaiuliza radi. Mama Zai, ita bajaji."

"Mjomba, mimi ni mtu mzima..."

"Mtu mzima gani ananuka? Inuka!"

Daktari hakunikumbusha saini yangu. Alikata kamba moja baada ya nyingine, akashika vidole vyangu akisubiri damu irudi. Sote tulivitazama vidole kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Kidole gumba kikaanza kupata wekundu. Daktari akaviachia.

"Leo una mguu," akasema. "Kesho sikuahidi."

Nilisafishwa vidonda, nikachomwa sindano za kuua usaha hadi makalio yakawa kama chujio. Usaha ulipokauka, nikaingizwa chumba cha upasuaji. Walinichoma sindano ya mgongo, kwa hiyo nusu yangu ya chini ilikufa, nusu ya juu ikabaki ikisikiliza. Nikasikia nyundo, kisha drili. Nikataka kumwambia daktari apunguze mwendo, asije akaunguza biti, ile ncha inayotoboa. Muuguzi akaniambia, "Baba, nyamaza, hapa fundi si wewe."

Nilipotoka, paja langu lilikuwa limekonda kama mpini wa jembe. Kukunja goti kulinitoa machozi mbele ya watu. Daktari aliniambia nitembee kwa magongo, nikatembea huku nikiyatukana magongo, mlango, na kila jiwe la Bigwa. Baiskeli ilisharudishwa kutoka Kiroka, na majirani wakaja kunipa pole, na pole zao zote zilikuwa na mkia: uza baiskeli. Nikawaambia, "Uzeni kwanza miguu yenu, maana hamuitumii."

Ila niseme ukweli, mvua ilinitesa kuliko mguu. Wingu likitanda juu ya mlima, mimi navaa gambuti na kukaa juu ya tairi la lori katikati ya sebule, kwani mpira hauruhusu umeme. Chakula nililetewa huko huko. "Baba Zai," mke wangu akasema siku moja, "wenzio wana viti, mimi nina mume juu ya tairi."

Picha zilipoonesha mfupa umeshika, daktari akaniruhusu kuendesha barabara tambarare. Baadaye akaniruhusu vilima vidogo. Vilima vidogo vya Uluguru mnavijua wenyewe. Nikavaa gambuti zangu, nikachagua siku yenye anga safi, nikapita Kiroka hadi kwenye yale magogo mawili. Safari hii nilishuka. Nikavuka kwa miguu nikiikokota baiskeli, nikarudi, nikavuka tena, ili magogo yanijue. Mguu uliuma, nami nikauacha uendelee kuuma.

Wale kina mama walikuwa wakipanda kutoka sokoni. Yule aliyenifunga kwa kanga akanitambua.

"He! Kaka wa mguu! Umerudi kuvunja wa pili?"

"Nimekuja kuwaonesha wa kwanza."

Akainama, akaupapasa muundi wangu kama anayechagua papai. "Kweli umeshika," akasema. "Haya, pita. Ila juu huko njia ni mbaya."

"Ndiyo ninayoitafuta," nikamjibu, nikapanda. Nyuma yangu niliwasikia wakicheka, na kicheko kile kilinisukuma kilima kizima.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru kina mama wa Kiroka walioacha ndizi zao matopeni. Namshukuru Mama Zai aliyelala na harufu yangu, na mjomba, mwenye mtu wake. Wewe unayesoma ukiwa umelala na kiungo kilichofungwa, nakuambia: vidole vikipoa, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, usingoje mjomba atoke Matombo. Piga kelele ufunguliwe, urudi hospitali siku hiyo hiyo. Ukiwa na hofu, mwambie daktari hofu yenyewe, usimpe nyingine ya uongo kama mimi na kisu. Na wewe unayependa njia za peke yako, waage watu, waambie unashika kinjia kipi, kisha nenda. Asikutishe mtu. Mlima haukumkataza yeyote.

Mimi hofu yangu niliibeba mpaka nilipohudhuria kliniki juzi. Niliingia kwa daktari jua likiwaka, nimevaa gambuti.

"Za nini hizo?" akauliza.

Nikamweleza yote: chuma, mzee, mbuzi, mfenesi, tairi la lori. Hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Chuma kimo ndani ya mfupa, na mfupa umo ndani ya nyama. Radi haikijui wala haikitafuti. Inapiga kilichosimama juu mahali pa wazi, na ukiwa mgongoni mwa mlima wakati wa ngurumo itakupiga hata kama huna chuma. Gambuti hazizuii. Ukisikia ngurumo, shuka. Sasa vua hizo, nione mguu."